Mzigo wa Gordon

Kwenye hatua ya nne Javan alihisi uzito ukiongezeka.

Alikuwa amebeba begani mguu wa nyuma wa ng'ombe, kutoka kwenye gari la nyama kwenda bucha ya Munene. Ilikuwa safari ya hatua ishirini na mbili, na alikuwa ameifanya kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Aliujua uzito wa mguu wa nyuma jinsi mzazi anavyoujua uzito wa mtoto wake akiwa usingizini. Huu, alipoupokea, ulikuwa wa kawaida. Sasa, njiani, palikuwa na kitu kingine juu yake, kitu kilichojikalia kimya, na mapaja yake yakaanza kutetemeka chini ya koti jeupe la kazi.

"Songa, mzee! Songa!" mbebaji aliyekuwa nyuma yake akapaza sauti.

Akasonga. Hatua ya tano. Ya sita ndiyo aliyoiogopa. Hapo ndipo ndugu yake Gordon alipoanguka na kufa mwaka uliopita, mwezi wa nane, akiwa na mguu kama huu begani, na tangu siku hiyo Javan hakuwahi kupakanyaga. Alipinda kidogo kushoto kama kawaida yake. Goti likamkatalia.

Nyama ilitangulia. Ilipiga sakafu kwa mshindo mzito wa majimaji, naye akaifuata kwa magoti, kisha kwa viganja. Alibaki hivyo, kichwa chini, akingoja mapaja yamrudie. Hayakumrudia. Wenzake wawili walimburuta mpaka pembeni, wakamwegemeza ukutani kati ya ndoo na mifupa.

"Hii ni mara ya pili wiki hii," alisema Munene, mwenye bucha, akiwa amesimama mbele yake na kisu mkononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Javan. Munene alikuwa mtu wa makelele. Akiongea taratibu, basi jambo limeharibika. "Mzee, enda nyumbani. Lala. Ukipata nguvu tutaongea."

"Ni kikohozi tu. Kimenimaliza."

"Enda nyumbani, Javan."

Alipokuwa akivua koti, mkono mmoja ukikataa kutoka, alimsikia mbebaji mmoja akimwambia mwenzake bila kujali kama anasikika: "Wapi kikohozi! Ni ndugu yake huyo. Bado hajashuka mgongoni."

Javan hakugeuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameliamini jambo hilo kwa miezi miwili.

*

Gordon ndiye aliyemleta sokoni. Alimzidi Javan kwa miaka minne, na alikuwa ameshakuwa mbebaji mwenye jina Javan alipofika kutoka kwao Kimilili na begi moja la nguo. Gordon alimvalisha koti lake la zamani, lililomfika magotini, akamfundisha kazi kwa asubuhi moja.

"Watu wanadhani hii kazi ni ya bega," alimwambia. "Bega ni kiti tu. Mzigo unabebwa na mapaja. Siku mapaja yakikuacha, rudi nyumbani ukalime."

Mapaja ya Gordon hayakumwacha. Kilichomwacha ni moyo.

Siku hiyo Javan ndiye aliyekuwa ndani ya gari, akishusha nyama kutoka kwenye kulabu na kuwawekea mabegani wabebaji waliopanga foleni chini. Yeye na Gordon walikuwa wamekosana. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: paa la nyumba ya mama yao, ambalo Gordon aliahidi kulitengeneza wakati wa Pasaka na hakwenda, na mvua ikamnyeshea mama kitandani. Siku nne hawakuwa wamesemezana. Gordon alipofika mlangoni mwa gari aliinua uso. Ulikuwa unatoka jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Hebu niruke hii moja," alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha yao ya nyumbani. "Mpe mwingine. Kifua kinanibana."

Javan akamjibu, "Kila mtu na mzigo wake leo."

Kisha akamwekea. Hakuutupa. Aliuweka taratibu, kwa ufundi, katikati ya bega la ndugu yake, pale penyewe alipofundishwa kuuweka. Aliuona mgongo wa Gordon ukijinyoosha na kuondoka. Alikuwa ameshageuka kushika kulabu nyingine aliposikia watu wakipiga kelele.

Hakuna aliyesikia waliyoambiana. Injini ya gari ilikuwa inanguruma.

Kule Kimilili, kaburi likiwa bado wazi, Triza, mke wa Gordon, alimshika mkono mbele ya watu wote. "Shemeji," alisema, "wewe ndiye uliongea naye mwisho. Aliniachia neno gani?" Watu wakanyamaza ili wasikie. Javan akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba Gordon alikuwa anacheka, kwamba alisema leo atapitia kwa Munene ampelekee Mama Sifa maini, maana ameyatamani wiki nzima. Mama Sifa alikuwa ni huyo Triza.

Kilio cha Triza kilibadilika baada ya hapo. Kilipata kitu cha kushikilia. Na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwake bila kusimuliwa. "Mtu anabeba mzigo wa kumuua," alikuwa akisema, "na kichwani anawaza maini yangu."

*

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata kanisa lao lilileta kambi ya matibabu. Asenath, mke wa Javan, ndiye aliyemsukuma kwenye foleni. Walimdunga kidole, wakamwita tena, wakamtoa damu ya mkononi. Wiki iliyofuata aliitwa na Nzilani, afisa wa kliniki katika kituo cha afya karibu na mtaa wao wa Kaloleni, ambaye mtaa mzima ulimwita daktari.

"Baba yako alikufa na nini?" Nzilani aliuliza.

"Alianguka shambani."

"Akiwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na moja."

"Uko na ndugu?"

Javan alitazama mikono yake. Asenath akajibu badala yake.

Nzilani aliweka kalamu chini. "Mafuta kwenye damu yako ni mengi sana, baba. Si ya nyama peke yake. Hii ni kitu inatembea kwa familia yenu, na ndiyo inaziba mishipa ya moyo." Alimpa vidonge vya kushusha kolesteroli, kimoja kila jioni. Akamwinamia kidogo. "Na unisikize vizuri. Ukisikia misuli inauma bila sababu, ama imelegea, ama mkojo ubadilike rangi, usingoje tarehe ya kurudi. Unakuja siku hiyo hiyo."

Alisikia. Lakini mbebaji wa nyama asiyeumwa na misuli ni yule ambaye hakwenda kazini. Maumivu yalipoanza, mwezi wa pili wa vidonge, yalianzia kwenye mapaja, yote mawili sawasawa, kisha yakapanda mabegani. Hayakuwa uchovu aliouzoea. Ule wa kazi ulikuwa ukiondoka na usingizi. Huu ulilala naye na kuamka naye, na asubuhi ulikuwa umevaa viatu kabla yake.

Angeweza kwenda kwa Nzilani. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Ila ni wakati huo huo alipoanza kuhisi uzito wa pili juu ya mzigo. Mara nyingine ulikuja na harufu ya mafuta ya mgando, yale ambayo Gordon alikuwa akijipaka shingoni ili nyama isimchubue. Mara nyingine, akitembea na gambuti zake kwenye sakafu iliyolowa, alisikia gambuti nyingine nyuma yake zikikanyaga anapokanyaga, akisimama, zinasimama. Kwa hiyo hakumwuliza mtu maumivu yanatoka wapi. Alijua. Yalitoka kwenye hatua ya sita. Kila jioni alimeza kidonge chake mbele ya Asenath bila kukosa, na kila asubuhi alibeba alichoamini ni haki yake kubeba.

Kisha kikaja kikohozi. Kijana wa duka la dawa kando ya barabara alimpa vidonge vya siku saba. "Hizi ni kali, mzee," alisema. "Zitakusafisha." Hakumwuliza kama kuna dawa nyingine anayomeza. Javan naye hakusema.

Leo, alipoanguka na nyama, ilikuwa siku ya tano.

*

Kutoka sokoni hadi Kaloleni alipumzika mara nne. Alikaa kwenye jiwe, akakaa kwenye ukuta mfupi karibu na ukumbi wa mtaa, akawaacha watoto waliovaa sare wampite. Alikuwa ameziacha gambuti kazini, amevaa ndara, lakini zile nyingine zilikuwa zikija nyuma yake, pole pole, kwa subira ya mtu asiye na haraka.

Kabla ya kuingia nyumbani alipitia chooni, kile cha pamoja nje ya safu yao ya nyumba. Alichokiona kilimfanya ashike ukuta. Mkojo ulikuwa wa kahawia, karibu mweusi, kama strungi, ile chai kavu iliyochemshwa mpaka ikasahauliwa motoni. Aliutazama kwa muda. Alifikiri juu ya maji yenye damu yanayotiririka sakafuni sokoni saa nne, baada ya kazi, wakati wa kuosha. Hakuogopa. Alijisikia kama mtu aliyengojea barua mwaka mzima na sasa imefika. Akamwaga maji, akatoka.

Asenath alikuwa akianika nguo. Alimwona mume wake akijaribu kuinua mguu juu ya kizingiti, akishindwa, akiushika mguu wenyewe kwa mikono miwili na kuuingiza ndani kama kitu cha mtu mwingine. Aliacha nguo kwenye karai.

"Baba Nekesa, umetoka kazini saa hizi?"

"Nimechoka kidogo."

Alimsaidia kuvua sweta kwa sababu mikono yake haikufika juu ya kichwa. Kiganja chake kilipogusa paja, Javan alipiga ukelele ambao jirani aliusikia. Asenath akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pili mbele ya Nzilani mwezi wa tatu, naye hakuwa mtu wa kusahau alichoambiwa.

"Mkojo uko aje?"

Javan akatazama dirisha.

"Baba Nekesa. Nimekuuliza."

"Kama strungi."

Asenath akaenda kwenye kabati. Akatoa vidonge vyote vilivyokuwa ndani, vya mafuta, vya kikohozi, hata vya malaria vilivyobaki tangu mwaka jana, akavitia kwenye mfuko wa karatasi.

"Asenath, hii si ya hospitali."

"Ni ya nani?"

"Ya Gordon."

Alisimama na ule mfuko mkononi. Kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kukaa chini. Kisha akauweka mfuko ndani ya mkoba na kuchukua ndara za mume wake.

"Gordon alikufa," alisema. "Tulimzika nikiona. Na wewe nikikusikiza utamfuata leo. Leta mguu."

Walipanda bodaboda moja, Javan katikati, Asenath nyuma yake amemshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Kila tuta la barabara lilipita ndani ya mapaja yake kama kisu kinachotafuta mfupa.

Kituoni Nzilani alivimwaga vidonge mezani. Alivitenga kwa kidole, kimoja kimoja, akasimama kwenye vile vya kikohozi.

"Nani alikupa hizi?"

"Wa duka la dawa."

"Ulimwambia unameza ile ya mafuta?"

"Hakuniuliza."

Nzilani alifumba macho kidogo. Alipoyafungua alikuwa tayari ameshika simu, anatafuta gari la wagonjwa, na akiwa anangoja ijibiwe alimwambia, "Hizi mbili hazifai kukutana, baba. Hii ya kikohozi inazuia mwili kuitoa ile nyingine. Inajaa, inajaa, mpaka inaanza kuvunja misuli. Hiyo rangi umeona kwa mkojo ni misuli yako inatoka. Na figo hazikuumbwa kuchuja nyama."

Kisha akauliza, "Maumivu yalianza lini? Kabla ya kikohozi?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano!" Simu ilikuwa inaita. "Nilikwambia uje siku hiyo hiyo. Mbona hukuja?"

Javan alifungua mdomo. Asenath alikuwa anamtazama. Simu ikajibiwa upande wa pili, na swali likabaki pale mezani pamoja na vidonge.

*

Alilala hospitali kubwa siku tisa. Walimtundikia maji, chupa baada ya chupa, na kumpa chombo cha kukojolea chenye alama ubavuni ili wapime kila tone. Siku tatu za kwanza madaktari waliongea juu yake wakiwa wamesimama miguuni pake. Walitaja mashine ya kusafisha damu. Asenath aliyasikia maneno hayo, akaanza kuomba kwa sauti, mpaka mwuguzi akamsihi apunguze. Siku ya nne figo, ambazo zilikuwa zimesita, zikaamua kuendelea. Strungi ikawa asali. Asali ikawa maji ya kawaida ya mtu mzima mgonjwa.

Triza alikuja mara mbili na uji kwenye chupa. Alimlisha kwa kijiko kwa sababu mikono ya Javan haikuweza kushika kikombe. "Kula, shemeji," alimwambia. "Mimi nimezika mmoja, inatosha." Javan alimeza. Uji ulikuwa mtamu.

Alikuwa anamngoja Gordon. Aliamini atakuja wodini, akae kwenye ukingo wa kitanda, amalize alichokianza. Asubuhi ya sita alizinduka akagundua kwamba hahisi chochote mabegani. Maumivu yalikuwepo bado, lakini yalikuwa maumivu tu, kama ya jino. Akatega sikio. Ndoo ya mfagiaji ikaburutwa sakafuni. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa. Harufu ilikuwa ya dawa ya kuoshea. Alijaribu hata kumwita, kimoyomoyo, kwa jina ambalo mama yao pekee alilitumia.

Hakukuwa na mtu.

Hapo ndipo Javan alipolia, na mwuguzi akadhani anaumwa, akaja kumwangalia. Kwa miezi miwili alikuwa na ndugu yake mgongoni. Ndugu mwenye hasira, lakini ndugu. Sasa anaambiwa ilikuwa ni kidonge. Gordon hakuwa amemkalia. Hakuwa amemfuata kwa gambuti wala kwa harufu. Hakuwa amemsamehe, hakuwa amekataa kumsamehe. Alikuwa amekufa asubuhi ya baridi, baada ya kuomba arukwe mzigo mmoja.

Alipotoka alipitia kwa Nzilani, akiwa na fimbo.

"Sasa nitameza nini?" aliuliza. "Na moyo?"

"Ile hutaigusa tena. Lakini moyo wako bado ni wa baba yako, kwa hivyo hatukuachi hivyo. Utaonwa na daktari wa moyo. Kuna dawa za aina nyingine. Tutaenda pole pole, na safari hii kila kitu utaniambia." Akamfuata mpaka mlangoni. "Na usiende kule sokoni kuwaambia watu dawa ya mafuta inaua. Wengi wanaimeza miaka mingi na wako sawa, tena ndiyo imewaweka hai. Waambie tu waseme wanachomeza."

"Na kubeba?"

"Miezi sita kwanza. Halafu tuone."

Alisema "tuone" kwa upole, na Javan akaelewa.

Jioni hiyo alimwambia Asenath kila kitu: paa la mama, jasho la Gordon, maneno yake, jinsi alivyouweka mzigo taratibu. Asenath alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua mboga. Kisha akabaki na jani moja mkononi.

"Mimi si mtu wa kuambiwa hayo," alisema.

"Najua."

"Basi unaniambia ya nini?"

*

Jumapili mchana alikwenda Makongeni peke yake. Nyumba ya Triza ilikuwa ya mwisho kwenye safu yake, upande wa reli. Maneno ya kuhamishwa yalikuwa yamezunguka mtaani kwa muda mrefu, na Triza, ambaye hakupenda kushtukizwa, alikuwa ameshafunga nusu ya vyombo kwenye makatoni. Picha ya Gordon haikuwa imefungwa. Ilikuwa ukutani, Gordon amevaa suti ya kuazima, amekunja uso kwa sababu ya jua.

"Shemeji umekonda, jamani! Ingia. Kaa hapo kwa kochi, usikae kwa hicho kigoda."

Kochi lilikuwa la zamani, limebonyea katikati. Javan alizama ndani yake, magoti yakapanda karibu na kifua. Triza alileta chai. Alisema Sifa amefaulu mitihani ya chuo. Alisema jana walikuja akina mama wa kanisa, wageni, hawakumjua Gordon, na akawasimulia ile ya maini, wakalia.

"Triza," alisema Javan. "Hakusema maini."

Triza alikuwa anamimina chai. "Nani?"

"Gordon. Siku ile. Hakusema maini."

Chai ilifika ukingoni mwa kikombe. Aliiweka chupa chini, akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Javan akamwambia. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye maneno yenyewe aliyasema kwa lugha waliyoyasemea, na katika lugha hiyo yalikuwa mafupi zaidi, na mabaya zaidi.

"Alikuwa anatoka jasho," alisema Triza.

"Ndiyo."

"Uliona."

"Niliona."

"Na ukamwekea."

"Nikamwekea."

Nje mtoto alikuwa anaendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti. Ilipita mlangoni, ikarudi, ikapita tena.

"Mwaka mzima," alisema Triza. "Na leo ndio umepata mdomo. Kwa nini leo?"

Alikuwa ameliandaa jibu njiani, lakini lililotoka lilikuwa jingine. "Nilidhani yuko na mimi. Nilidhani ananiadhibu, nikasema sawa, ni haki yake. Halafu wakaniambia ni dawa."

Triza akafunga kifuniko cha chupa.

"Kwa hivyo umekosa wa kukuadhibu," alisema, "ukaniletea mimi."

Javan alitazama kikombe kilichojaa mpaka ukingoni.

"Nilikuwa na kitu kimoja, Javan." Kwa miaka ishirini hakuwahi kumwita kwa jina. "Kimoja tu. Si nyumba, hata hii si yangu. Si mume. Nilikuwa na mtu aliyekuwa ananiwazia maini. Nilikuwa ninaamka nacho." Sauti yake haikupanda. "Toka."

Aliinuka, akafungua mlango mpaka mwisho, akasimama hapo akiwa amempa mgongo.

Javan aliweka fimbo sakafuni, akashika magoti, akasukuma. Kochi lilimrudisha. Akajivuta mpaka ukingoni, akakusanya kila kilichobaki kwenye mapaja yake, akasukuma tena. Aliinuka kiasi cha kiganja, akabaki hewani, anatetemeka, akaanguka nyuma. Kikombe kikapinduka kwenye meza ndogo, chai ikammwagikia mapajani.

"Nimesema utoke."

"Nataka kutoka."

"Basi toka!"

"Siwezi kuinuka."

Triza akageuka. Alimwona mtu ambaye aliwahi kubeba ng'ombe kwa vipande, kila siku ya Mungu, akiwa amekaa kwenye dimbwi la chai, suruali imelowa, mapaja yakirukaruka chini ya kitambaa kama vitu vilivyokuwa hai peke yake. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama sakafu, kwa aibu.

Triza alisimama mlangoni muda ambao mtu angeweza kuondoka na kwenda mbali. Kisha akajifuta mikono kwenye leso yake, akaja, akatenganisha miguu, akaingiza mikono chini ya makwapa ya shemeji yake.

"Shika shingo," alisema.

Akashika. Triza akavuta. Alikuwa amejiandaa kwa uzito mkubwa, na Javan akaja juu mwepesi kiasi kwamba wote wawili waliyumba nusura waangukie makatoni. Walisimama. Miguu ya Javan ilikuwa bado haijaamua. Triza angemwachilia angeanguka, na alijua hivyo, na Javan naye alijua kwamba anajua.

Treni ya kutoka mjini ikaja nyuma ya nyumba. Vioo vilitetemeka, vijiko vikalia kwenye sinia, vumbi likashuka kutoka juu ya makatoni. Uso wa Triza ulikuwa juu ya bega la Javan, unatazama ukuta. Behewa baada ya behewa. La mwisho likapita, vijiko vikatulia kimoja kimoja, na mikono yake ilikuwa bado pale.